Filamu ni Shahidi, si Kadhi: Tuliyojifunza Usiku wa Hina kuhusu Bulyanhulu



Leo hatuna mapishi wala mapambo ya ukumbini. Tuna jambo lililotukuta usiku wa hina wa mmoja wetu, na tangu siku ile tumekuwa tukilizungumza kila tukikutana. Tumeona tulilete kwenu, kwa sababu hatudhani ni la harusi ile moja tu.

Bi harusi alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, mikono kaitandaza, piko linakauka. Pembeni yake kiko kisanduku cha dhahabu iliyoletwa na upande wa mume: kidani, herini na bangili sita. Mchumba wake ni kijana wa hapa hapa kisiwani, lakini riziki yake iko bara, kwenye mkanda wa dhahabu wa Kahama na Geita. Anafanya kazi kwa mkandarasi anayehudumia migodi. Basi mmoja wa wageni akatoa simu, akasema, "Njooni muone huko anakokwenda kuishi mwenzenu." Kilikuwa kipande cha filamu ya uchunguzi. Picha zimechakaa, sauti ya mtu inasimulia kwa hasira, na maandishi chini yanasema watu walizikwa hai Bulyanhulu kwa ajili ya dhahabu ya matajiri. Hakina tarehe. Hakisemi nani kakitengeneza. Dakika mbili na nusu, kimekwisha.

Ukumbi ukanyamaza, kisha ukaripuka. Mmoja anamtukana rais aliyekuwepo, mwengine anaitukana kampuni, mwengine anamtaja mwanasiasa mmoja kuwa ndiye shujaa pekee, na wa nne anasema mwanasiasa huyo huyo ni muongo mkubwa. Bi harusi hakusema kitu. Tulipomtazama, alikuwa anakisogeza kile kisanduku mbali naye kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na hina.

Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo: "Kwani hii yangu ina damu?"

Hakuna aliyemjibu. Sote tulikuwa na la kusema juu ya wakubwa, na hakuna aliyejua hata mwaka wa tukio. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tukae chini tusome. Msimamo wetu tuuseme mapema: filamu ya uchunguzi ni shahidi, si kadhi. Shahidi haifai kumziba mdomo. Wala haifai kumkalisha kwenye kiti cha hukumu.

Tuanze na yale tuliyokuwa hatuyajui.

Bulyanhulu iko upande wa Kakola, katika eneo lililokuwa wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Kwenye miaka ya 1990 wachimbaji wadogo kwa maelfu walikuwa wakichimba pale kwa mikono. Mwaka 1994 kampuni ya Canada iitwayo Sutton Resources, kupitia kampuni yake tanzu ya Kahama Mining, ilipewa haki ya eneo lile. Mvutano ukafika mpaka Mahakama Kuu. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali ikaamuru wachimbaji wadogo waondoke, na mwanzoni mwa Agosti mashimo yakaanza kufukiwa.

Hapo ndipo habari inapogawika. Wachimbaji na ndugu zao walisema mashimo yalifukiwa na watu wakiwa chini, na idadi iliyotajwa ilizidi 50. Serikali ilikana, na kampuni ilikana. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya Barrick Gold ikainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi mpya wa chini ya ardhi ukaanza kuzalisha. Kumbukeni mpangilio huo wa miaka, tutaurudia.

LEAT, taasisi ya wanasheria watetezi wa mazingira, ndiyo iliyolishikilia jambo hili. Kijana mmoja mwanasheria, Tundu Lissu, alikwenda kukusanya maelezo ya watu wa Kakola miaka kabla ya jina lake kujulikana na kila mtu. Ukawepo na mkanda wa video uliosemwa kuonesha miili ikitolewa shimoni. Tunaomba mfikirie mkanda ule ulivyokuwa na uzito. Zama zile hapakuwa na simu za kupiga picha. Ukiwa na mkanda, una kitu cha kumuonesha mtu asiyekuamini.

Na mkanda uliwapeleka wapi waliouonesha? Mwishoni mwa mwaka 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT Dar es Salaam. Mwaka 2002 Lissu, mwenzake Rugemeleza Nshala, na mwanasiasa wa upinzani Augustine Mrema wakashtakiwa kwa uchochezi. Walioomba tume huru ya uchunguzi wa hadharani hawakuipata.

Huko Uingereza nako kulikuwa na yake. Mwandishi wa uchunguzi Greg Palast aliandika katika gazeti la The Observer mwaka 2000 juu ya Barrick na juu ya George Bush mkubwa, rais mstaafu wa Marekani, ambaye baada ya kutoka madarakani alikuwa mshauri wa kampuni hiyo. Ndani ya makala ile akaitaja Bulyanhulu. Barrick ikalishtaki gazeti kwa kashfa, na mwaka 2001 gazeti likamaliza kesi kwa kuomba radhi.

Halafu sikilizeni upande wa pili, maana haki haina upande mmoja. Benki ya Dunia, kupitia wakala wake wa bima za uwekezaji, ilikuwa imeudhamini mgodi ule. LEAT wakapeleka malalamiko kwa ofisi ya benki hiyo inayosikiliza malalamiko ya wananchi. Ofisi ile ilituma watu, na mwaka 2002 ikatoa ripoti iliyosema haikupata ushahidi wa kuthibitisha kuwa watu walizikwa hai. LEAT waliikataa ripoti ile. Basi tunabaki na watu wanaosema waliondokewa na ndugu zao, wakubwa wanaosema halikutokea, ripoti inayosema haikuthibitika, na waliodai kuthibitisha wakapelekwa mahakamani kwa kusema.

Tulipofika hapo tulinyamaza tena, lakini si kama usiku ule. Usiku ule tulinyamaza kwa kushtuka. Safari hii tulinyamaza kwa kuona namna tulivyokuwa wepesi wa kuhukumu.

Kosa moja lilitudhihirikia mara moja. Kile kipande cha dakika mbili na nusu kiliilaumu Barrick kwa yaliyosemwa kutokea Agosti 1996. Barrick ilinunua mwaka 1999. Mtu anaweza kusema kwamba mnunuzi hununua na deni, kwamba mwenye nyumba mpya analazimika kuuliza kilichofukiwa uani. Hiyo ni hoja, na sisi tunaiona ina nguvu. Lakini si sawa na kusema yeye ndiye aliyefukia. Aliyekata picha zile ama hakujua tofauti hiyo, ama aliijua akaona itapunguza moto. Na sisi tuliusambaza moto ule ule mpaka kwenye mkeka wa bi harusi.

Sasa kuna dada zetu waliotuambia, "Ndiyo maana sisi hatuangalii kabisa. Filamu hizi ni ghiba tu, ni kula nyama za watu." Tunawaheshimu, na hofu yao ina msingi. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana na kusengenyana, na ukweli ni kwamba wengi wetu tunaangalia filamu za viongozi kama tunavyochungulia dirisha la jirani. Nani ana wake wangapi, nani alilia, nani aliaibika. Kama hicho ndicho tunachokitafuta, bora tuzime.

Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, tunaamrishwa kwamba ikija habari kwa mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Hatukuamrishwa kuziba masikio. Tumeamrishwa kuchunguza. Surat an-Nisaa, aya ya 148, inamtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutamka maovu hadharani. Na mwishoni mwa Surat al-Baqara, katika aya ya 283, tunaonywa tusifiche ushahidi. Imam Nawawi naye, katika Riyadhu Swalihina, ametaja sababu sita ambazo kwazo kumsema mtu huruhusiwa, na miongoni mwake ni malalamiko ya aliyedhulumiwa na kuwatahadharisha watu na shari. Mjane wa mchimbaji anayesimama mbele ya kamera kusema mume wangu hakurudi hamsengenyi mtu, analalamika. Akitokea mkubwa akasema nyamaza, unaharibu jina la nchi, basi huyo ndiye anayepaswa kuulizwa.

Na mwanamke hakosekani katika kazi hii. Mwaka 2008, huko huko kanda ya ziwa, mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi yalikuwa yameshamiri, na uvumi ukiyafungamanisha na tamaa ya utajiri wa samaki na dhahabu. Vicky Ntetema, mwanahabari wa BBC nchini Tanzania, alijifanya mteja akaenda kwa waganga. Waganga wale katika sehemu zao ni watu wakubwa, wanaogopwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Alitoka na maelezo ya biashara ya viungo vya binadamu. Akatishiwa maisha ikabidi ajifiche. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya ujasiri na taasisi ya kimataifa ya wanahabari wanawake. Hakukaa nyumbani akasambaza uvumi. Alikwenda mwenyewe, akasikia kwa masikio yake, kisha akasema.

Tukimweka Ntetema mkono huu na kile kipande cha usiku wa hina mkono ule, tofauti inaonekana. Ntetema anasimama na jina lake. Anasema alikwenda wapi, alisikia nini. Kipande hakina mwenyewe, hakina mwaka, hakina mahali pa kukiuliza swali.

Tusidhani pia kwamba runinga ni silaha ya wanyonge peke yao. Mnakumbuka mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Mruma ilimkabidhi Rais Magufuli ripoti yake, na tarehe 12 Juni ikafuata ya Profesa Osoro, yote yakirushwa moja kwa moja kutoka Ikulu. Tuliacha vyungu jikoni tukaenda kutazama. Tulisikia tumeibiwa mali isiyohesabika. Mwezi Julai kampuni ya Acacia, ambayo Barrick ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, ikapelekewa madai ya dola bilioni 190. Mwisho wa mazungumzo, malipo yaliyokubaliwa ya kumaliza mgogoro yalikuwa dola milioni 300, na ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, serikali ikiwa na hisa asilimia 16.

Hatusemi mapatano yale yalikuwa mabaya. Wapo wanaoyasifu kwa hoja nzuri. Tunasema hivi: nani kati yetu aliyepiga vigelegele Juni alirudi kuuliza namna bilioni 190 zilivyokuwa milioni 300? Tulitazama mwanzo kama arusi, mwisho hatukuwepo. Na katika siku zote zile za matangazo, ni dakika ngapi zilizungumzwa za watu wa Agosti 1996? Hesabu ilikuwa ya mchanga.

Na mchunguzi naye ni binadamu. Jirani zetu wa Mombasa wanamjua vizuri Mohammed Ali, aliyetengeneza Jicho Pevu katika runinga ya KTN. Kwa Kiswahili safi aliwaandama wakubwa waliokuwa hawagusiki, na wengi wetu tulikuwa tukizitafuta kazi zake kwa hamu. Mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Nyali. Si dhambi. Lakini tangu siku ile yeye mwenyewe ni mtu mwenye mamlaka, na anastahili kuangaliwa kwa jicho lile lile alilotufunza. Lissu vilevile. Yule mwanasheria wa Kakola amekuwa mbunge, Septemba 2017 akamiminiwa risasi Dodoma akapona kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, na mwaka 2020 akagombea urais. Anayempenda ataitazama filamu ya Bulyanhulu kama ushahidi wa ushujaa wake, na anayemchukia ataiona ni ushahidi wa uchochezi wake. Wote wawili hawamtazami yule aliyemo shimoni, kama yumo. Wanamtazama Lissu.

Hili ndilo linalotuuma zaidi. Filamu za wakubwa hutufanya tubishane juu ya wakubwa. Bush, Mkapa, Magufuli, Lissu, wenye kampuni. Majina makubwa yanajaza kioo mpaka aliyeanza kulia hana pa kukaa. Kama kuna mama Kakola ambaye hajui mpaka leo kama mwanawe alikufa shimoni au alihama machimbo asirudi, basi yeye ana msiba usio na kaburi. Sisi Waislamu tunajua thamani ya kumuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kujua alipolala. Swali lake lilikuwa rahisi: mwanangu yuko wapi? Na jibu lake halikuhitaji filamu. Lilihitaji uchunguzi wa wazi, shimo kwa shimo na jina kwa jina, ambao ungeweza pia kuwasafisha walioshutumiwa kama hawakutenda. Aliyeshutumiwa kwa uongo na aliyefiwa kwa kweli wote wawili wananufaika na uchunguzi wa wazi.

Basi tumejiwekea maswali manne, na tunawaombeni mjaribu kuyatumia kabla ya kusambaza chochote. Kwanza, nani anasema, na je, ana jina na mahali pa kumpata? Pili, ni lini, na picha hizi ni za siku hiyo na mahali hapo kweli? Tatu, aliyeshutumiwa kapewa nafasi ya kujibu, na kajibu nini? Nne, na hili ndilo letu hasa: aliyedhulumiwa yuko wapi ndani ya filamu hii, au ametumiwa kuanzia hadithi kisha akaachwa? Filamu ikishindwa mawili ya mwanzo, ikomee kwenye simu yako. Ikishindwa la tatu, subiri. Ikishindwa la nne, itazame ukijua kwamba hujamsikia mwenye shauri.

Mtauliza, bi harusi je?

Hakuzivaa usiku ule. Asubuhi alimpigia simu mchumba wake, kwa idhini na mbele ya mama yake, akamuuliza moja kwa moja. Kijana hakukasirika, na hilo peke yake lilitufurahisha. Alimwambia mwaka 1996 alikuwa hajaanza skuli. Akasema anapofanya kazi wanalipwa kwa haki na usalama unaangaliwa, lakini ya zamani hawezi kuyaapia maana hakuwepo. Akasema akirudi atawauliza wazee wa huko, na atakachosikia atamwambia hata kama si kizuri.

Kuhusu dhahabu, sonara aliyeulizwa alisema bangili zile zimetoka Dubai, na huko dhahabu za pande zote za dunia huyeyushwa chungu kimoja. Hakuna awezaye kusema chembe gani ilitoka wapi. Kwa hiyo swali la bi harusi halikupata jibu, na huenda halitapata. Alizivaa siku ya arusi. Wapo miongoni mwetu walioona asingezivaa, na hatukugombana. Kuvaa au kutovaa hatukuwekei sheria hapa, waulizeni wanavyuoni wenu. Sisi tunasema tu kwamba kuuliza kwake kulikuwa bora kuliko kelele zetu zote za usiku ule. Tulikuwa zaidi ya wanawake thelathini ukumbini, wenye elimu na simu za bei, na aliyefanya tabayyun alikuwa mmoja, tena mikono yake imefungwa kwa hina.

Wewe unayekaribia kuolewa, mtu wako akiwa anafanya kazi migodini, bandarini, polisi au serikalini, usiogope kumuuliza kazi yake ikoje na nani anaumia ili iende. Uliza kwa adabu, sikiliza jibu, na angalia anavyojibu. Na siku ikikujia filamu ya mkubwa yeyote, umpendaye au umchukiaye, ipokee kama unavyompokea shahidi: mkalishe, msikilize mpaka mwisho, muulize maswali, kisha mtafute shahidi wa pili.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakitafuta riziki, wawe wa dini yoyote walikuwa na mama zao. Awape subira waliobaki bila ya jawabu. Atujaalie ndimi zinazosema haki na masikio yanayosubiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.